Kubadili Bodi ya Kamera: Kumbukumbu za Kazi ya Picha za Harusi Unguja

Kamera ya aina ya DSLR ni kamera ya kidijitali ambayo mpiga picha huchungulia kupitia lenzi ileile inayopiga picha, kwa msaada wa kioo kidogo kilicholazwa mshazari ndani yake, ambacho huinuka na kuupisha mwanga kila picha inapopigwa. Kamera hiyo hununuliwa kwa mafungu mawili: lenzi, inayokusanya mwanga na kuupeleka mahali pake, na bodi, yaani sehemu ya nyuma inayoshikwa mkononi, yenye kioo, betri, kadi ya kumbukumbu na kihisi, ambacho ni kipande bapa cha kielektroniki kinachougeuza mwanga kuwa picha. Kwa kuwa mafungu hayo hutenganishwa, lenzi ya miaka 20 iliyopita huweza kufungwa kwenye bodi iliyotoka kiwandani mwaka huu, na kwa sababu hiyohiyo mpiga picha hujikuta kila baada ya miaka michache akikabiliwa na swali ambalo wazee wake wa kazi hawakulijua kwa sura hii, nalo ni kama bodi aliyo nayo imekwisha muda wake au bado inafaa.

Wazee hao hawakulijua kwa sababu ya mkanda, yaani filamu. Katika zama za mkanda, bodi ilikuwa kisanduku kisichopitisha mwanga, chenye shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kwa muda uliopimwa, na ubora wa rangi, ukali wa picha na uwezo wa kupiga gizani vyote vilitoka kwenye mkanda na kwenye lenzi. Kampuni iliyotengeneza mikanda ilipogundua kemikali bora zaidi, mwenye kamera kuukuu na mwenye kamera mpya walifaidika siku moja na kwa bei moja, kwa kwenda dukani kununua mkanda. Nikon F iliyotoka mwaka 1959 iliweza kutumia mikanda iliyobuniwa miongo mingi baadaye, na studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilijenga jina lake kwa mikono, taa na chumba cha giza, si kwa kubadilisha kamera. Kamera ya kidijitali iliuchukua mkanda ikaufungia ndani ya bodi usitoke tena. Anayenunua bodi leo ananunua mkanda mmoja atakaoutumia kwa miaka yote ya bodi hiyo, na siku anapoutaka mkanda ulio bora zaidi hana budi kununua upya kisanduku, shata, kioo na vitufe alivyokuwa navyo tayari vikiwa vizima. Asiyeutenga mkanda na kisanduku kichwani mwake hatajua analipia nini.

Mwandishi wa insha hii alipiga picha za harusi Unguja katika miaka ya 2010, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni ya usiku na ya ndani ya nyumba, misikiti na kumbi, na bodi aliyoanza nayo ilikuwa Nikon D90. Bodi hiyo ilitoka mwaka 2008 kwa bei ya karibu dola 1,000 nchini Marekani, ikiwa na megapikseli 12.3, maana yake picha yake hujengwa kwa nukta zipatazo milioni 12, na ilikuwa DSLR ya kwanza kurekodi video. Kwa mpiga picha wa harusi wa pwani, ambaye mteja humwomba picha za mnato na za video katika mapatano mamoja, hilo lilikuwa jambo zito kuliko hesabu yoyote ya nukta. Ilikuwa na sifa nyingine ambayo wauzaji hawakuitaja sana, nayo ni injini ndogo ndani ya bodi ya kuzungusha fokasi ya lenzi za zamani zisizo na injini yake zenyewe. Bodi za bei nafuu zaidi za kampuni hiyohiyo zilizotoka mwaka uliofuata, D3000 na D5000, hazikuwa na injini hiyo, kwa hiyo aliyehamia huko akidhani anapanda, kwa vile toleo ni jipya, aligundua kuwa lenzi yake nzuri ya zamani sasa inataka kuzungushwa kwa vidole.

Matoleo mapya hayakukawia. D7000 ilitoka mwaka 2010 na megapikseli 16.2, D7100 mwaka 2013 na megapikseli 24, na kila moja ilipofika, mazungumzo ya wapiga picha vibarazani yaligeukia nukta, kwa kuwa nukta zina tarakimu, na tarakimu ni rahisi kulinganisha. Hesabu yenyewe hailingani na hamasa hiyo. Nukta hutandazwa kwa urefu na kwa upana, hivyo anayezifanya kuwa maradufu haongezi maradufu ukali unaoonekana: picha ya D90 ina nukta 4,288 kwa upana, na ya bodi ya megapikseli 24 ina takribani 6,000, nyongeza ya mara 1.4 tu, ilhali kupata mara mbili kamili kungehitaji megapikseli zipatazo 49. Picha ya nukta 4,288, ikichapishwa kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ndicho maabara nyingi hukitaka, hutoa karatasi ya upana wa sentimita 36, nayo ni kubwa kuliko kurasa za albamu nyingi za harusi. Wala si albamu peke yake ya kufikiriwa. Picha nyingi za harusi za Unguja zilikwishaanza kuonekana kwanza kwenye simu, zikipitishwa kwa WhatsApp, ambayo huzipunguza kabla hazijamfikia shangazi aliyeko Muscat, na skrini pana ya televisheni ya kiwango cha HD kamili, ambayo familia huitumia kuonyeshana sherehe sebuleni, ina nukta zisizozidi sana milioni 2. Mwandishi hakuwahi kupoteza mteja kwa uchache wa nukta, na anatia shaka kama yupo mpiga picha wa harusi aliyempoteza.

Malalamiko yaliyokuja yalikuwa ya namna nyingine. Mama mmoja wa bibi harusi, akipekua albamu kwa kidole kilichopakwa hina hadi kwenye ukucha, alisimama kwenye kurasa za ukumbini akasema, “Mwanangu, picha za nyumbani nzuri, mashaallah, lakini hizi za ukumbini mbona watu wamekuwa weusi hivi na zina chenga?” Katika sentensi hiyo moja kulikuwa na kasoro mbili tofauti, moja ya kipimo cha mwanga na nyingine ya kihisi, na kila moja ina dawa yake. Chenga ni zile punje zinazotapakaa juu ya picha pale kamera inapolazimishwa kuona kwenye giza kwa kupandisha aiso, yaani kiwango cha kukuza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye kihisi, kwa kuwa panapokuzwa kidogo kilichopo hukuzwa pamoja nacho na makelele yake. Weusi wa nyuso, kwa upande mwingine, hauanzi kwenye kihisi hata kidogo.

Unaanza kwenye kanzu. Mita ya kamera, ile inayoiambia bodi iruhusu mwanga kiasi gani, hukisia kwamba eneo linalopigwa picha, likichanganywa lote pamoja, lina wastani wa kijivu, na kisio hilo huenda sawa kwenye barabara yenye miti, lami na nyumba. Safu ya wanaume 30 waliovaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, si kijivu hata chembe. Mita huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na matokeo yake kanzu hutoka za rangi ya majivu na nyuso za wenye kanzu huzama gizani, hasa zile za watu weusi zaidi. Dawa ni kuiambia kamera iongeze mwanga kwa hatua moja au zaidi kuliko inavyopendekeza, jambo linalofanywa kwa kitufe kimoja na gurudumu, na bodi ya dola 6,000 isipoambiwa hivyo huweza kukosea vilevile. Haitakuwa haki, hata hivyo, kudhani kwamba vyombo vya picha vimekuwa siku zote havina upande. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 maabara za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ilitoka kama ilivyotoka. Katika zama za kidijitali mizani hiyo iko zaidi mikononi mwa mpiga picha, naye akiacha kuitumia hana tena maabara ya kuilaumu.

Ili kujua ni kasoro zipi zinatoka kwenye bodi, mwandishi alifanya kazi ambayo angemshauri kila mwenye kuwaza bodi mpya aifanye kabla ya kuuliza bei. Alizichukua picha alizozitupa, si zile alizozikabidhi, za harusi za msimu mzima, akazipanga kwenye kompyuta mpakato kwa sababu ya kutupwa kwake. Picha nzuri haisemi lolote kuhusu mpaka wa chombo, kwa kuwa imepigwa ndani ya mpaka huo. Zilizotupwa ndizo zilizogonga ukuta. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mtikisiko, picha zilizopigwa kwa shata ya polepole mno huku watu wakitembea au wakicheza. Lililofuata lilikuwa la flashi iliyomulika usoni moja kwa moja, ikang'arisha paji la uso na kuacha nyuma weusi mtupu. Kisha zikaja kanzu za majivu. Za fokasi iliyokosea zilikuwa chache kwa jumla, lakini zilijikusanya mahali pamoja, na jambo hilo lilikuja kuwa na maana baadaye. Za uchache wa nukta hazikuwapo.

Mafungu matatu ya mwanzo yalitibiwa bila kugusa bodi. Flashi ya kubandikwa juu, yenye kichwa kinachogeuka, ilielekezwa darini ili mwanga urudi chini ukiwa laini, mbinu inayofanya kazi vizuri kwenye nyumba zenye dari nyeupe, na vibaya kwenye kumbi ambazo wapambaji wamezitundika vitambaa vya zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu mwanga hurudi na rangi ya kile ulichokigonga na maharusi wakatoka kama waliopakwa urujuani. Kwa kumbi za namna hiyo ilibidi taa ya pili juu ya kigoda, pembeni, yenye mwavuli mweupe. Na dhidi ya mtikisiko ikanunuliwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwenye orodha za kampuni nyingi. Namba hiyo ya f ni uwiano kati ya urefu wa fokasi ya lenzi na kipenyo cha tundu lake, kwa hiyo ndogo ndiyo pana. Lenzi ya kawaida iliyouzwa pamoja na D90, ya milimita 18 hadi 105, ikivutwa mpaka mwisho hufunguka f/5.6 tu, na tofauti ya f/5.6 na f/1.8 ni mwanga unaokaribia mara 10. Picha iliyohitaji sehemu ya 15 ya sekunde, muda ambao hata mtu anayepumua hutikisika, sasa iliweza kupigwa kwa takribani sehemu ya 150. Hakuna bodi iliyotoka kati ya mwaka 2008 na leo ambayo peke yake iliongeza uwezo wa gizani kwa kiasi hicho kwa bei ile ya lenzi moja.

Ingefaa kuishia hapo, na wengi wa wanaouliza swali la bodi wangefaa kuishia hapo. Kilichobaki kilikuwa nikaha.

Ndoa za Kiislamu za Unguja hufungwa mara nyingi msikitini, baada ya sala ya Alasiri au ya Isha, na kiini chake kwa mpiga picha ni kitendo cha sekunde chache: bwana harusi, amevaa joho juu ya kanzu na kilemba kichwani, ameketi akimkabili walii wa bibi harusi au sheikh anayemwakilisha, mikono yao ya kulia imeshikana, kitambaa pengine kimefunika viganja, na neno la kukubali linatamkwa. Taa ni mirija michache iliyo juu sana. Flashi haikatazwi kwa maandishi popote, lakini kummulika mtu usoni akitamka kauli ile, mbele ya wazee waliokaa kimya, ni utovu wa adabu, na mpiga picha anayefanya hivyo haitwi tena na ukoo ule. Hapo ndipo zile picha chache za fokasi iliyokosea zilipokuwa zimejikusanya. D90 ina vituo 11 vya fokasi, na ni kile cha katikati tu kilicho cha msalaba, yaani chenye kusoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Vya pembeni, katika mwanga wa mirija ile, huenda mbele vikarudi nyuma vikitafuta ncha ya kushikilia kwenye kanzu isiyo na alama, na kauli inakuwa imekwisha. Kiwango chake cha kawaida cha aiso hukomea 3,200, na kabla ya kufika hapo vivuli vya uso vimekwishajaa chenga. Lenzi yenye tundu pana kuliko f/1.8 haikupatikana kwa bei ya akili. Taa haikuruhusika. Mkono ulikuwa umetulia kadiri ya uwezo wa mkono. Kwa mara ya kwanza ukuta uliogongwa ulikuwa bodi yenyewe, na uliweza kutajwa kwa jina: fokasi gizani, na chenga vivulini.

Sababu ya pili haikuhusu ubora wa picha. D90 hupokea kadi moja ya kumbukumbu. Mpiga picha mwenzake mwandishi, mwenye bodi ya kadi moja vilevile, alitoka msikitini jioni moja na kadi iliyokataa kusomwa na kompyuta yoyote mjini. Alirudi kwa familia, akaomba radhi, akapendekeza wakae tena vilevile washikane mikono apige upya. Sheikh, ambaye alikuwa bado anakunywa kahawa, halua ikiwa mkononi, alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani: “Mwanangu, ndoa imeshafungwa. Sisi hapa hatukuwa tunaigiza.” Bodi yenye nafasi mbili za kadi huandika kila picha mara mbili, papo hapo, na kwa anayepiga ndege, mandhari au watoto wake nyumbani hilo ni pambo, lakini kwa anayelipwa ili ahifadhi tukio lisilorudiwa ni sehemu ya uaminifu wake kwa mteja, na mwandishi anaona ajabu kwamba katika mijadala ya bodi sifa hii hutajwa mwishoni, baada ya nukta, wakati ingepaswa kuwa ya kwanza kuulizwa.

Sababu zilipokuwa zimetajwa, uchaguzi ulijibana wenyewe. D7000 ilikuwa na nafasi mbili za kadi, vituo 39 vya fokasi, na kihisi kilichosifiwa kwa haki kwa jinsi vivuli vyake vinavyoweza kung'arishwa kwenye kompyuta bila kujaa chenga, faida ambayo kwa uso mweusi kando ya kanzu nyeupe ni kubwa kuliko inavyosomeka kwenye orodha ya sifa. D750, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa hatua nyingine: kihisi chake kina ukubwa wa fremu nzima ya mkanda wa zamani, milimita 36 kwa 24, eneo lililo zaidi ya mara mbili ya kihisi cha D90 au cha D7000, aiso yake ya kawaida hufika 12,800, vituo vyake vya fokasi ni 51, na 15 kati yake ni vya msalaba, na kwa vipimo vya kiwanda fokasi yake huona hadi hatua 3 chini ya sifuri kwenye mizani ya mwanga, pale D90 inapokomea hatua 1 chini ya sifuri. Kila hatua ni nusu ya mwanga, hivyo D750 hushika fokasi kwa robo ya mwanga ambao D90 iliuhitaji. Hiyo ndiyo tarakimu ya kwanza katika miaka yote ya matoleo mapya iliyozungumza na msikiti.

Fremu nzima ina mtego wake, na mtego huo uko kwenye lenzi. Lenzi ile ya milimita 18 hadi 105 ilitengenezwa kwa kihisi kidogo, nayo ikifungwa kwenye D750 haiwezi kukifunika kihisi chote, kwa hiyo bodi hukata kingo na kutumia sehemu ya katikati tu, na picha inayopatikana ina megapikseli kama 10, pungufu ya zile 12 za D90. Kuna watu waliolipia bodi ya fremu nzima, wakabaki na lenzi yao ya zamani, na wakapiga picha ndogo kuliko walizokuwa wakipiga mwanzo. Wenye Canon hali yao ni ngumu zaidi, kwa kuwa lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo, hazikubali kabisa kufungwa kwenye bodi za fremu nzima. Lenzi ya milimita 50, ambayo asili yake ni ya zama za mkanda, ilihama salama, na kwenye kihisi kikubwa ilirudi kuona upana wake wa asili. Katika vyumba vyembamba vya Mji Mkongwe, ambako kwa D90 mpiga picha alilazimika kutoka mlangoni ili familia iingie kwenye fremu, sasa alibaki ndani. Lenzi pana ilibidi inunuliwe upya, na gharama yake ni haki kuihesabu kama sehemu ya bei ya bodi.

Vivyo hivyo gharama ya kompyuta. Faili ghafi, yaani faili inayohifadhi kila kilichopimwa na kihisi kabla hakijapikwa kuwa picha, huwa ya megabaiti zipatazo 10 kwa D90 na zaidi ya maradufu ya hizo kwa bodi ya megapikseli 24, na harusi moja huweza kuwa na picha 1,000. Programu za zamani za kusafishia picha hazifungui faili za bodi iliyotoka baada yake, na Adobe iliacha kuuza Lightroom ya kulipia mara moja tu baada ya toleo la 6, kwa hiyo mwenye programu kuukuu anayebadili bodi hujikuta, bila kupanga, ameingia kwenye malipo ya kila mwezi. Kwa hesabu ya mwandishi, lenzi, diski, kompyuta na kadi zikijumlishwa, bodi haikufika hata nusu ya gharama ya kubadili bodi.

D750 ilinunuliwa mtumba, kutoka kwa mzigo wa Dubai, kwa sababu ileile inayowaumiza wauzaji: bodi huporomoka bei kila mrithi wake anapotangazwa, na lenzi haiporomoki hivyo. Bodi iliyouzwa mpya kwa dola 2,300 ilikuwa, miaka michache baadaye, ikipatikana kwa kipande cha bei hiyo huku ikipiga picha zilezile. Ununuzi wa namna hii una taratibu zake, na mnunuzi hapaswi kuona haya kuzifuata mbele ya muuzaji. Hupigwa picha moja na faili yake kufunguliwa ili kusoma shata imefunguka mara ngapi, hesabu ambayo Nikon huiandika ndani ya kila faili. Shata ya D750 ilijaribiwa kiwandani hadi mara 150,000, na bodi iliyotoka kwa mpiga picha wa magazeti huweza kuwa imekaribia hapo ingawa ngozi yake inang'aa. Hupigwa picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, f/16, ili vumbi na madoa ya kihisi yajitokeze kama vidoa vya kijivu. Huchunguliwa ndani ya lenzi dhidi ya taa, kutafuta utando wa kuvu, maradhi ya pwani yote yenye unyevu, ambayo huanza kama uzi mmoja wa buibui pembeni mwa kioo. Kwa D750 kuna moja zaidi: mwaka 2015 Nikon ilitangaza marekebisho ya bure ya shata kwa baadhi ya bodi hizo, tangazo lililopanuliwa baadaye, kwa hiyo namba ya bodi hulinganishwa na orodha ya kampuni kabla pesa haijatoka mfukoni.

Matokeo yalikuwa ya aina mbili. Nikaha zilipatikana: uso, viganja na ukingo wa joho wenye nyuzi za dhahabu, vyote katika mwanga wa mirija, bila flashi, na vivuli vikiwa na kitu ndani yake. Kwingineko, mchana, bustanini, ufukweni, nyumbani kwa bibi harusi penye dari nyeupe, picha za D90 na za D750 zilichanganywa kwenye albamu moja na hakuna mteja aliyewahi kuzitofautisha, wala bei ya kazi haikupanda kwa shilingi moja kwa sababu ya bodi. Anayetaraji bodi ijilipe yenyewe kwa kuvuta wateja aitegemee kwa tahadhari. Bodi hulipa kwa kazi ambayo vinginevyo ingekataliwa au kuharibika.

Swali limerudi tangu hapo kwa sura nyingine, kwa kuwa DSLR zenyewe zimefungiwa mlango. Nikon na Canon zilileta kamera zao za fremu nzima zisizo na kioo mwaka 2018, Sony ikiwa imetangulia mwaka 2013, na EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo iliyotajwa na mkuu wa Canon kuwa DSLR yake ya mwisho ya daraja la juu. Kamera zisizo na kioo hutumia kihisi chenyewe kutafuta fokasi, huweza kulitambua jicho la mtu na kulifuata, na nyingi huweza kupiga bila mlio wowote, sifa ambayo ndani ya msikiti haihitaji kutetewa. Kwa mara hii mwandishi aliulizia bei kwa nia, akakutana na kipingamizi kidogo cha chuma: adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi za zamani za Nikon na bodi hizo, haina injini ya kuzungusha fokasi ya lenzi kama ile ya milimita 50, kwa hiyo lenzi iliyovuka salama kutoka D90 hadi D750 ingefika huko ikitaka kuzungushwa kwa vidole gizani, mbele ya kauli ya sekunde chache. Kuhama kungemaanisha bodi mpya na lenzi za namna hiyo upya. Kwa gharama iliyo chini sana ya hiyo ilipatikana D750 ya pili, mtumba, yenye hesabu ndogo ya shata, ambayo sasa huning'inia bega la kushoto ikiwa na lenzi pana, na D90 imekwenda kwa kijana anayejifunza kazi, pamoja na agizo la kuleta picha anazozitupa.